Taa za Mchana

Kila Fadhul alipozima gari lake, jambo la kwanza halikuwa kufunga milango. Alishuka, akazunguka mbele, akachomoa waipa zote mbili za kioo cha mbele, akazifuta maji kwa uangalifu kama mtu anayefuta visu vya kuchinjia, kisha akazikunja ndani ya kipande cha kanga kuukuu ya bluu na kuingia nazo nyumbani. Usiku zililala chini ya mto wake. Hajara, mkewe, alikuwa amekwisha kuzoea. Wanawake wengine wa mtaa wao wa Mafubira walilalamika kwamba waume zao wana wake wa pili mjini. Yeye alisema wake wenza wake ni wa mpira, na uzuri wao ni kwamba hawali.

Kwa hilo la waipa hakuna aliyemcheka. Jinja nzima ilikuwa hivyo. Miaka ya vita na uhaba ilikuwa imewafundisha watu kwamba chochote kinachoweza kufunguliwa kitafunguliwa, na ukiacha waipa nje usiku, asubuhi utakwenda sokoni kuuziwa waipa zako mwenyewe na kuambiwa ni mpya. Sasa serikali ilikuwa nyingine, risasi hazikusikika tena upande huu, duka la sukari lilikuwa na sukari. Lakini mazoea yana taabu. Vita huondoka mjini upesi kuliko vinavyoondoka mikononi mwa watu.

La taa, hata hivyo, lilikuwa la Fadhul peke yake. Mwaka ule wa kukimbia, wakati askari walioshindwa na askari walioshinda walipokuwa wakipishana katika barabara moja, alivusha watu wengi kwa Pijo lake la kijivu, katikati ya mvua, taa zimezimwa. Waliowasha taa zao walisimamishwa, wakashushwa, wakapelekwa kwenye mahindi, na magari yao yakaendelea na safari bila wao. Fadhul aliyaona hayo kwa macho yake, na toka siku hiyo akawa na dini yake ndogo ndani ya dini yake kubwa: gari lenye taa linaomba kuchukuliwa. Aliuchomoa waya wa taa kubwa, akaufunga kitambaa, akauacha unaning'inia chini ya boneti. Usiku hakusafiri. Mvua ikija na giza lake, aliegesha mahali na kungoja. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Na kule kuegesha na kungoja ndiko kulikokaribia kuivunja ndoa ya binti yake.

Mwezi uliotangulia walitoka Jinja kumpeleka Shamim kwa mumewe mtarajiwa, Sulait, mwalimu wa shule ya msingi kule Wanale, Mbale. Walipofika Iganga mvua ikamwagika. Fadhul akaliegesha gari kando ya duka moja na kusubiri. Mvua nayo ikasubiri. Jioni ilipoingia aligeuza gari, akamrudisha bibi arusi nyumbani na hina yake mikononi, kama mtu aliyekwenda sokoni akakuta soko limefungwa.

Kule Wanale pilau ilichacha. Sheikh alivaa viatu vyake akaondoka. Hasifa, mama yake Sulait, aliketi barazani akiwaaga wageni mmoja mmoja, na kila mmoja alimpa pole yenye kicheko ndani yake. Baada ya wiki alituma neno Jinja kupitia kwa mfanyabiashara wa vitunguu: "Waambie wale Wanubi, kama wanaogopa maji waseme mapema, nimtafutie mwanangu msichana wa hapa hapa mlimani. Nawapa Ijumaa moja nyingine. Sheikh atafungisha baada ya Alasiri. Bibi arusi asipokuwepo, basi, yameisha."

Hajara alilimeza neno la Ijumaa. Lililomkwama kooni ni lile la "wale Wanubi." Tangu vita viishe walikuwa wakiitwa watoto wa askari, kana kwamba bunduki za mababu zao waliotoka Sudani bado ziko chini ya vitanda. Hajara hakuwahi kushika bunduki. Alichoshika maisha yake yote ni ukindu na sindano, akisuka kawa za rangi za kufunikia chakula, na kawa zake zilikuwa zinasifiwa mpaka Bugembe.

*

Ijumaa yenyewe ilipofika, mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Mafubira tangu alfajiri.

Jamaa walikuwa wametangulia kwa gari la kukodi, chini ya amri ya Zulaika, mdogo wake Hajara, pamoja na sanduku la bati la bibi arusi. Sanduku hilo lilikuwa limemnyima Hajara usingizi. Ilikuwa desturi wanawake wa upande wa mume walifungue mbele ya wageni, watoe kitu kimoja kimoja, wakiinue juu na kukitaja: shuka hizi hapa, foronya hizi hapa, kawa hii hapa. Sanduku la bibi arusi ni uso wa mama yake. Hajara alikuwa amelipanga na kulipangua, na asubuhi ile, dereva wa kukodi akipiga honi nje, alikuwa amekusanya vitu vya mwisho vilivyokuwa kitandani na kuvishindilia humo kabla ya kukalia kifuniko ili kifunge.

Sasa walibaki wanne. Fadhul alisimama uani katika kanzu yake nyeupe akitazama juu.

"Tungoje kidogo, Mama Shamim," alisema. "Mbingu si nzuri."

"Tukingoja mbingu za Jinja ziwe nzuri, huyu mtoto ataolewa ana mvi."

"Nasema saa moja tu."

"Ile saa moja ya Iganga?" Hajara aliuliza.

Bibi Nulu, mama yake Fadhul, alikuwa amekwisha kujiketisha kiti cha nyuma na kopo lake la tumbaku mapajani. "Fadhul," aliita kutoka ndani, "mimi ni mzee. Nikifia kwenye gari lililoegeshwa watu watanicheka. Washa moto twende."

Shamim aliketi kando ya bibi yake, amefunikwa mtandio mwekundu, mikono yenye hina ameiweka juu ya mto asije akaiharibu. Alikuwa amekwisha kulia mwezi uliopita, na aliapa hatalia tena mpaka ajue analilia nini. Hajara alimtazama, moyo ukamwuma. Msichana alimpenda yule mwalimu wake. Jambo lilikuwa rahisi hivyo, na zito hivyo.

Wakaondoka.

*

Walipita Iganga pakavu. Hajara alishusha pumzi. Fadhul hakutazama hata upande wa lile duka alipoegesha siku ile.

Karibu na Bugiri kulikuwa na kizuizi cha jeshi: gogo, mapipa, na askari kijana mwenye koti la mvua. Fadhul alipunguza mwendo toka mbali, akavua kofia, akaiweka mapajani. Hajara aliona kidole chake kikigongagonga usukani.

"Mzee, habari yako? Wewe natoka wapi?"

"Jinja, afande. Sisi nakwenda Mbale."

"Na huyu nyuma, yote nafunika hivi, ni nani?"

"Bibi arusi, afande. Mtoto yangu."

Askari aliinama, akachungulia, akacheka meno yote nje. "Eh! Hongera, mzee. Sasa sikia. Mbele kule, kwa Busitema, mvua iko mingi sana. Washa taa, mzee. Pita."

"Ndio, afande. Asante, afande."

Gogo likaondolewa. Fadhul akapita, akavaa kofia yake, na hakugusa chochote.

"Afande amesema uwashe taa," Hajara alisema baada ya kona.

"Nimesikia."

"Basi?"

"Hata wale wa zamani walianza kwa kucheka."

"Baba Shamim, huyu ni mtoto. Umri wa Shamim huyu."

"Wale pia walikuwa watoto," alisema Fadhul, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. Ilikuwa ya mtu anayemweleza mwenzake njia ya kwenda kisimani. Hajara aliacha.

Mvua iliwakuta msituni, kama askari alivyoahidi. Haikuanza kwa matone, ilianguka nzima. Miti ya Busitema ikatoweka kulia na kushoto, na barabara ikabaki kipande kifupi cheusi mbele ya boneti. Fadhul akapunguza mwendo, akanyoosha mkono chini ya kiti.

"Nipe waipa."

"Ziko huko chini."

"Hazipo."

Fadhul alisimamisha gari kando, akapapasa chini ya kiti chake, chini ya kiti cha mkewe, nyuma ya jeki. "Niliziacha kitandani nikaenda kuoga. Nikakwambia uniletee. Sikukwambia?"

Hajara alikuwa akitazama mbele. Alikuwa anakiona kitanda chao cha Mafubira, foronya zimekunjwa, mashuka yamekunjwa, na katikati yao kifurushi kirefu chembamba.

"Baba Shamim."

"Ee."

"Ile kanga ya bluu..."

"Ee?"

"Iko Mbale."

Kisha kutoka kiti cha nyuma Bibi Nulu akaanza kucheka, kicheko cha mzee kisicho na meno wala haraka, akacheka mpaka akakohoa. "Waipa zimeolewa kabla ya mtoto!" alisema. "Wallahi, zimefika kwa mume kabla yake!"

Shamim naye alicheka, bila kutaka, chini ya mtandio. Hajara hakucheka. Alikuwa ameona akilini sanduku likifunguliwa mbele ya Hasifa na wanawake wote wa Wanale.

"Chukua," alisema Bibi Nulu, akinyoosha kopo lake. "Marehemu baba yako alipokuwa anaendesha lori la pamba, waipa alikuwa nazo? Alipaka tumbaku kwenye kioo. Lowesha, paka, maji yanateleza."

Fadhul alishuka katika mvua na kanzu yake nyeupe, akakipaka kioo tumbaku. Aliporudi alikuwa amelowa mpaka kofia, na kioo kilikuwa rangi ya chai. Lakini kweli, maji yaliteleza kidogo. Hajara akashusha kioo cha upande wake, akatoa mkono nje na ncha ya kanga yake mpya ya arusi, akawa anafuta pale anapofikia. Wakasonga hivyo, mwendo wa mtu anayetafuta pete iliyoanguka.

"Baba," alisema Shamim. Lilikuwa neno lake la kwanza toka Jinja. "Washa taa."

"Taa haifuti maji, mama. Kama sisi hatuoni, taa itatuonyesha nini? Mvua?"

"Basi tusimame tungoje," alisema Hajara, ingawa neno hilo lilimtia uchungu mdomoni.

"Hapa? Busitema?" Fadhul alitikisa kichwa. Msitu ule ulikuwa na sifa zake, na hazikuwa njema. "Tutoke msituni kwanza." Akashika katikati ya barabara, mahali lami ilipokuwa nzima.

Honi waliisikia kabla ya kuona kitu. Kisha taa mbili zikatokea, karibu mno, kubwa mno, na nyuma yake lori. Fadhul alivuta usukani. Lori lilivuta upande wake. Upepo wake uliwapiga kama kofi, mkono wa Hajara ukarudi ndani wenyewe, na Pijo likateleza, likazunguka nusu, likazamisha gurudumu la nyuma kwenye mtaro wa matope na kutulia.

"Shamim!" Hajara alipiga kelele.

"Niko, Mama."

"Bibi Nulu?"

"Kopo langu limemwagika," alisema bibi kizee.

Dereva wa lori alikuja akikimbia mvuani, viatu mkononi. Alikuwa Msoga wa makamo, jina lake, kama walivyojua baadaye, Isabirye. Alikuja na matusi tayari, yalionekana usoni, lakini alipofika dirishani alishika mlango.

"Mzee! Mzee, mimi siona wewe! Bwana, gari ya langi ya mvua, taa hapana, katikati ya balabala! Wewe natokea tu kama shetani!" Akachungulia nyuma, akaona mtandio mwekundu na mikono yenye hina, akachuchumaa pale pale kwenye maji na kushika kichwa. "Na bibi alusi. Eh, Katonda, Mungu wangu. Mimi ningeua bibi alusi."

Alikuwa analia. Mtu mzima, dereva wa lori, alikuwa analia kwa kitu ambacho hakukifanya.

Fadhul alishuka. Alisimama mbele ya mtu yule, kanzu imemganda mwilini, akatafuta neno la kumwambia, na lililomtoka lilikuwa lile lile alilokuwa nalo miaka yote.

"Nilitaka tusionekane," alisema.

"Na kweli, mzee," alisema Isabirye. "Hamukuonekana."

*

Hajara alishuka pia. Alikuwa hajawahi kumsemesha mumewe mbele ya mgeni, isipokuwa kwa heshima, na hakuanza siku ile. Alimkaribia, akasema polepole, kwa Kinubi chao cha nyumbani, na mvua ikiwadondokea wote wawili.

"Fadhul. Ulituficha, tukapona. Nakushukuru, na Mungu anajua. Watu wangapi wako hai kwa sababu wewe ulijua kujificha? Lakini mimi nimechoka. Nimejificha nikiwa na mimba, nimejificha nikinyonyesha, nimejificha mpaka nimesahau kusalimia watu njiani. Leo binti yangu anaolewa mchana, kwa njia ya halali. Leo nataka tuonekane."

"Wakituona..."

"Nani? Nani atuone? Huyu?" Akamwonyesha Isabirye, ambaye alikuwa akijifuta pua. "Huyu angetuona, asingelia."

Fadhul akaenda mbele ya gari, akafungua boneti.

Kitambaa kilikuwa kimekauka na kushikana na waya kwa mafuta ya miaka. Vidole vyake vilikuwa vinaogopa, kwa kweli, na Hajara aliona kwamba vinaogopa, akasogea, akatandaza kanga yake ya arusi juu ya mgongo wa mumewe asilowe zaidi, kama kwamba palikuwa na mahali palipobaki pakavu. Hakumharakisha. Alimsikia akisoma Ayatul Kursiy kwa midomo. Waya ukashika. Fadhul akarudi ndani, akavuta kitufe.

Jicho moja la Pijo liliwaka papo hapo. La pili lilisita, Isabirye akalipiga kofi, nalo likawaka.

Wapakiaji wa lori walishuka, wakalisukuma gari kutoka mtaroni huku wakiimba, matope yakiwarukia mpaka usoni. Fadhul alipotia mkono mfukoni kuwatolea chochote, Isabirye alikataa. "Nenda na taa, mzee. Hiyo ndio malipo yangu."

*

Baada ya Tororo mvua ilipungua ikawa manyunyu, lakini mchana ulikuwa bado wa kijivu, na taa za Pijo zilitangulia juu ya lami iliyolowa. Fadhul aliendesha shingo imeingia mabegani. Kila gari lililokuja mbele liliwasha taa zake mara moja na kuzima, kusalimia, na kila mara alishtuka.

Katika kituo cha kwanza cha biashara, watu walikuwa wamejibanza barazani kukimbia mvua: wauza nyanya, fundi cherehani na cherehani yake, wanawake wenye watoto migongoni. Walipoona gari lile linakuja na taa mchana, mwanamke mmoja alinyoosha kidole, akasema kitu, na baraza lote likapasuka kelele.

"Nini?" aliuliza Fadhul, mguu wake ukitafuta breki. "Wanapiga kelele gani?"

"Vigelegele, Baba," alisema Shamim.

Kwa maana miaka ile, tangu barabara zipoe, maharusi walikuwa wameanza kupita mchana taa zikiwaka, ili kila mtu ajue nani anapita na amwombee kheri. Wale akina mama hawakuona gari la kijivu lenye matope na kioo cha rangi ya chai. Waliona arusi. Kituo kilichofuata vigelegele vikaanza kabla hawajafika, na kile cha baada yake fundi baiskeli aligonga spana yake kwenye rimu kama ngoma. Bibi Nulu alishusha kioo akawa anawapungia kama mke wa gavana. Hajara alilia waziwazi, kwa furaha, na hakujifuta, maana uso wote ulikuwa umelowa, nani angejua.

Walipokaribia Mbale kulikuwa na kizuizi kingine. Upande wa Teso bado kulikuwa na vita, na askari wa hapa hawakuwa wa kucheka. Fadhul alivua kofia. Lakini askari aliyeshika gogo alitazama zile taa, akatazama mtandio mwekundu, akaliinua gogo kabla hawajasimama. "Arusi! Pita, pita!"

Fadhul akapita. Kisha, bila kumwambia mtu, akapiga honi. Akapiga tena. Aliingia mjini Mbale akiipiga honi ile mpaka mkewe akamwambia sasa inatosha, watu watadhani imekwama.

*

Adhana ya Alasiri iliwakuta wakipanda kuelekea Wanale, mlima umesimama juu yao na mvua ikitiririka kwenye miamba yake. Hasifa alikuwa mlangoni na mwavuli. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa kupima watu kwa macho, na alimpima Hajara toka kanga iliyolowa tumbaku mpaka viatu vya matope.

"Mulembe," alisalimia kwa Kigisu. "Nilidhani mvua imewazuia tena."

"Mvua ilikuwepo," alijibu Hajara. "Tumekuja nayo."

Hasifa hakutabasamu, lakini alimsogezea mwavuli.

Sheikh alifungisha nikaha. Sulait aliulizwa, akajibu kwa haraka ya mtu anayeogopa mvua isirudi, na wanaume wakacheka. Shamim alilia sasa, maana alijua analilia nini.

Kisha likaletwa sanduku.

Hajara alijaribu. Alimwomba Zulaika alifungue yeye kwanza chumbani, lakini Zulaika alikuwa amekwisha kumkabidhi Hasifa ufunguo tangu asubuhi, kwa heshima zote. Wanawake wa Wanale waliketi mkekani, wamebanana. Hasifa alifungua kifuniko, akatoa kawa, akaiinua, na mnong'ono wa kusifu ukapita. Akatoa shuka, akatoa foronya. Akatoa kifurushi kirefu cha kanga ya bluu, kuukuu, akakikunjua mbele ya watu wote.

Waipa mbili zikabaki mkononi mwake.

"Na hii?" Hasifa aliuliza. "Mama Shamim, hii ni desturi yenu? Ni ya kumchapia mwanangu?"

Kicheko kililipuka mpaka wanaume wa nje wakauliza kuna nini. Hajara alitamani ardhi immeze. Uso wake wote, uso wa mama mzima, ulikuwa pale juu mkononi mwa yule mwanamke, vipande viwili vya mpira. Angeweza kudanganya. Alichoka hata kudanganya.

"Ni za gari," alisema. "Baba Shamim huzichomoa kila siku zisiibiwe. Hulala nazo kitandani. Mimi kwa haraka nimezipakia na foronya. Tumetoka Busitema mpaka hapa bila waipa, na tumbaku ya mama mkwe kwenye kioo. Ndiyo maana mnaniona nimekuja hivi."

Kicheko kilipungua. Hasifa alizigeuza zile waipa mkononi.

"Analala nazo," alisema.

"Chini ya mto."

Hasifa akainuka, akaingia jikoni, akarudi na debe. Akatia mkono ndani, maharage yakamwagika mkekani, akatoa balbu ya umeme, akatoa nyingine. "Zangu zinalala humu," alisema. "Toka wezi walipokuja kunifungulia mpaka waya ukutani. Kila nikienda kulala nazichomoa, kila jioni narudisha. Sulait ananicheka. Umeme wenyewe siku hizi hauji." Akazikunja waipa ndani ya foronya mpya, ya zile za Hajara mwenyewe, akamrudishia kwa mikono miwili. "Keti karibu na mimi, mkwe wangu. Umelowa."

Hajara aliketi.

Umeme haukuja jioni ile pia. Lakini Pijo lilikuwa limeegeshwa uani, uso umeelekea migomba, na taa zake zilikuwa zikiwaka, basi wanawake wa Kinubi walitoa ngoma zao wakacheza doluka katika mwanga ule, na Wagisu, wenyeji wa mlimani, wakaingia. Kila mtu alimsifu baba wa bibi arusi kwa ukarimu wake. Watu walicheza mpaka taa zikageuka nyekundu kama makaa, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

*

Asubuhi ilikuwa ya jua, Wanale imeoshwa, kila jani linang'aa. Waliagana kwa machozi na vicheko. Fadhul alivaa kofia, akalivalisha gari waipa zake ingawa hapakuwa na wingu hata moja, akaketi, akazungusha ufunguo.

Gari halikusema kitu.

Akazungusha tena. Kimya. Akatazama chini ya usukani, akakiona kile kitufe, kimevutwa mpaka mwisho.

"Betri," alisema Sulait, kwa adabu ya mkwe.

Hakukuwa na la kufanya ila kusukuma. Wakaja wakwe wote na kanzu zao za arusi: Sulait, baba zake wadogo, sheikh mwenyewe, na Hasifa aliyekunja gauni lake la gomesi kiunoni na kusema yeye ana nguvu kuliko sheikh. Kusukumiwa gari na wakwe, siku ya kwanza ya ukwe! Hajara alishika upande wa mlango wa mumewe, tayari kwa aibu, akainama dirishani ampoze.

Lakini Fadhul alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na machozi yalikuwa yakimtiririka mashavuni, naye anacheka.

"Nilisahau kuzima, Mama Shamim," alisema. "Unasikia? Miaka yote hii. Nimelala, nimeota, nimeamka, nimekula mandazi. Nilisahau."

"Sukumeni!" aliita Hasifa kutoka nyuma.

Gari likaanza kuteremka.